Magobori ya babu yametoka sandukuni, yakae wapi?

SWALI: Assalaam aleikum mzee wangu, na shikamoo. Babu yetu alifariki mwaka jana. Tulipokuwa tunasafisha nyumba yake ya Malindi tukakuta sanduku kubwa la mbao, ndani mna magobori matatu, bunduki moja ya viasi (ile ya risasi zenye maganda), majambia mawili, upanga wa felegi, kitara kimoja, pembe ya baruti, na kopo la bati lenye risasi. Nyumba nimeachiwa nikae mimi. Nimekusudia kukifanya chumba cha chini, kile kinachotazama njiani, kiwe cha maonyesho: ukuta wote nitaufunika mahameli nyekundu (nimeshanunua), bunduki zitundikwe juu yake, taa za kumulika, na kiyoyozi cha kuwasha usiku kwa ajili ya unyevu. Watoto wa ukoo waje waone, na pengine wageni wa mji. Nianzie wapi? — Mjukuu, Malindi, Unguja

JIBU: Waaleikum salaam, marahaba mwanangu, na Mwenyezi Mungu amrehemu babu yenu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nilifurahi, kwani vitu kama hivyo mara nyingi nasikia habari zake vikiwa vimeshauzwa kwa wapita njia. Ya pili nilishituka, maana pembe ya baruti na kopo la risasi umevitaja kama mtu anayehesabu vijiko.

Kwa hiyo, kabla ya ukuta na mahameli, lirudishe sanduku lilivyokuwa, funga chumba, na ufunguo ukae kwako. Watoto wasiingie.

Gobori halina mahali pa kufunguka ukachungulia ndani. Hujazwa kwa mdomoni: baruti, kitambaa, risasi au marisau, kisha hushindiliwa kwa mdeki. Mwenyewe akilishindilia jioni kwa ajili ya nguruwe wa shambani, asubuhi akaumwa, asinyanyuke tena, basi linabaki hivyo hivyo na baruti yake tumboni. Baruti nyeusi haifi kwa uzee. Ikikaa pakavu hudumu zaidi ya miaka mia, na unyevu ukiilaza leo huenda ikaamka kesho ikishakauka. Niliwahi kuletewa gobori lililokuwa pambo la sebule kwa miaka, watoto wa nyumba wakilivuta mtambo na kucheka. Lilipopimwa kwa kijiti, urefu wa ndani ya kasiba, yaani mtutu, na wa nje haukulingana. Lilikuwa limejaa. Kupima kwenyewe si kazi kubwa, ila si yako wala si yangu. Ni ya mtu aliyesomea silaha, aliyesimama mahali panapostahiki.

Mtu huyo utampata kwa njia ya Polisi. Umri wa bunduki usikudanganye ukadhani imeshakuwa chungu cha maua. Silaha za moto ziko mikononi mwa Jeshi la Polisi, na ipo sheria ya mwaka 2015 ya kudhibiti silaha na risasi. Anza kwa sheha wako, umweleze kilichopatikana na lini. Kisha nenda kituoni mikono mitupu, na karatasi tu: cheti cha kifo, barua ya sheha, na picha za vitu ukipenda. Waombe waje nyumbani. Usijaribu kubeba gobori begani ukapita nalo vichochoroni, hata kama nia yako ni kulipeleka kwa askari; anayekuona dirishani hajui nia yako.

Risasi na baruti wakabidhi, usizitupe baharini kama walivyozoea wengine. Ile bunduki ya viasi, kwa rai yangu, isiingie kabisa katika chumba chako. Gobori ni kitu cha kale. Bunduki ya viasi ni silaha, na mwizi anaijua tofauti hiyo vizuri kuliko sisi. Wakikuruhusu kuimiliki, mahali pake ni kasha la chuma lililofungwa, pasipoonekana. Mimi ningeisalimisha, nikabaki na picha yake nzuri. Kwa magobori, omba maandishi: yamekaguliwa, hayana kitu ndani, na yakae vipi. Hapo hapo washirikishe Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale, kabla mtu hajakwambia uyatoboe kasiba. Gobori likishatobolewa ndiyo basi, hata likija kujulikana kuwa lilikuwa la pekee.

Kuna na neno lako moja: "nimeachiwa nikae." Kukaa ni kukaa. Vitu vya marehemu ni vya warithi wote mpaka mirathi igawiwe, hata kama kuna shangazi yuko Wete, Pemba, naye yumo. Andikeni orodha, kila mmoja aweke saini kwamba vitu vibaki pamoja katika nyumba ile. Nimeona jambia na mshipi wake vikitenganishwa kwa ugomvi wa ndugu, upande mmoja Unguja, mwingine Muscat.

Sasa chumba. Hicho cha chini kinachotazama njiani ndicho kibaya kuliko vyote ulivyonavyo. Wazee wetu hawakupanda juu kwa ajili ya upepo tu. Chini palikuwa ghala, duka, ofisi. Watu na vitu vyao vya thamani walikaa juu, kwani ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa hunyonya maji ya ardhini kama utambi wa taa. Maji yanapanda na chumvi, yanakauka, chumvi inabaki. Ule unga mweupe unaoufagia kila wiki chini ya ukuta ndio huo. Na kama kuna fundi aliyepita akapiga plasta ya saruji, maji hayana pa kutokea, yanapanda juu zaidi. Ukitundika kitambaa kizito juu ya ukuta wa namna hiyo umeuvisha koti bichi, na bunduki umezilaza juu ya koti.

Panda juu. Tafuta chumba cha kati, kisicho na dirisha la baharini, kisichopakana na choo wala jiko, wala kisichokuwa moja kwa moja chini ya paa linalovuja. Kitakuwa chembamba, kiasi cha mita tatu hivi, kwani boriti za mikoko ndizo zilizoamua upana wa vyumba vya Mji Mkongwe, na boriti haikui ikishakatwa. Wembamba huo utakufaa. Makabati yakae upande mmoja tu, yaegemee ukuta, mahali boriti ilipoingia ukutani ndipo penye nguvu. Ila kwanza mwite fundi aziguse ncha za boriti, maana mchwa na uozo huanzia hapo ndani ya ukuta, na kwa nje huoni kitu. Sehemu ya jumba la Beit al-Ajaib ilipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020, wengi wetu tulirudi majumbani tukainua macho kutazama dari zetu kwa mara ya kwanza baada ya miaka.

Kama ukuta wa ndani una zidaka, zile shubaka za ukutani, umebahatika. Zidaka zilijengwa kwa ajili ya kuonyesha vitu. Ndimo zilimokaa sahani za Kichina na misahafu. Jambia moja ndani ya kidaka kikavu chenye kioo mbele linapendeza kuliko bunduki kumi ukutani.

Turudi kwenye unyevu, maana hapa ndipo kiyoyozi chako kitakapokuponza. Mwizi anaweza asije. Bahari inakuja kila usiku. Malindi uko bandarini. Upepo unabeba vijitone vya chumvi visivyoonekana, vinatua juu ya chuma, na chumvi ikishatua inaita maji. Chuma safi huanza kupata kutu kwa kasi unyevu wa hewa unapopita asilimia 60 au 65. Kilichoguswa na chumvi hakingoji kufika hapo. Na hapa petu, wakati wa masika, hewa ikiwa asilimia 80 hakuna anayeshangaa.

Mtu akisikia hivyo hukimbilia kiyoyozi. Lakini wewe unasema utawasha usiku. Usiku kucha chuma kimepoa. Asubuhi umezima, umefungua mlango, hewa ya joto yenye maji imeingia ikakuta chuma baridi. Tizama gilasi ya juisi ya ukwaju iliyotoka kwenye friji ikawekwa barazani: dakika mbili tu inatoka jasho. Kasiba ya gobori nayo itatoka jasho, kila siku, mara 365 kwa mwaka. Na kitako chake cha mbao kitavimba mchana na kusinyaa usiku mpaka kipasuke. Kiyoyozi ama kiwake saa zote, mwaka mzima, kwa kiwango kimoja, ama kisiwake. Kwa bei ya umeme na jinsi unavyokatika, mimi naona kisiwake.

Fanya hivi badala yake: chumba kipumue, kabati lisipumue. Chumba uache dirisha, feni, na chokaa ukutani. Hewa unayoitengeneza iwe ni ile kidogo iliyomo ndani ya kabati la vioo lililozibwa vizuri, na humo uweke silika jeli, zile chembe zinazonyonya unyevu. Sisemi vile vifuko vya kwenye maboksi ya viatu. Hivyo ni vya kuchekesha tu. Nunua kwa kilo, weka katika droo ya chini ya kabati yenye matundu, ili usiguse vitu unapobadilisha. Chagua ile inayobadilika kutoka rangi ya machungwa. Ya buluu ina kobalti, ambayo ni sumu. Ikishiba maji unaikausha kwenye oveni kwa joto la nyuzi 120 hivi, unairudisha. Weka haigromita (kipimo cha unyevu wa hewa) mbili, moja ndani ya kabati na moja chumbani, uandike unachokiona kila Ijumaa. Baada ya kaskazi moja na kusi moja utakijua chumba chako kuliko mimi.

Kuna mgongano mmoja lazima uukubali. Chuma kinataka ukavu, mbao na pembe zinataka unyevu wa kiasi. Upanga wa felegi ukiuweka kwenye asilimia 40 au chini yake, utakushukuru. Kitako cha gobori ukikifikisha huko ghafla kitalia. Kwa hiyo fanya makabati mawili: upanga na kitara katika la ukavu; magobori na majambia katika la asilimia 50 mpaka 55, tena uifikie polepole kwa wiki kadhaa. Kutotikisika kwa kipimo kuna faida kuliko kipimo chenyewe.

Kabati usilitengeneze kwa plaiwudi wala mbao mbichi. Mbao zikifungiwa hutoa mvuke wa asidi, na kitu chochote cha madini ya risasi hugeuka unga mweupe. Mafundi wa aluminiamu wako kila mtaa. Wa madirisha huyo huyo anatosha, mradi umsimamie kwenye kuziba. Silikoni yao nyingi inanuka siki. Harufu ile ni asidi kweli, si mfano. Liache kabati wazi wiki kadhaa, mpaka ukiingiza kichwa usisikie siki kabisa, ndipo uweke kitu.

Chini ya vitu, badala ya mahameli, tandika kitambaa cha marekani kilichofuliwa mara mbili bila wanga wala rangi. Rangi nyekundu hutoka ikipata unyevu, na manyoya ya mahameli hushika maji yakaegemea chuma. Marekani hakina ila hizo. Na kina hadithi yake humo chumbani: kitambaa hicho kilikuja Unguja na merikebu za wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, na bunduki na baruti zilikuwa katika shehena za biashara hiyo hiyo. Ukilaza gobori juu ya marekani umewakutanisha jamaa wa zamani.

Kusafisha nitakwambia kwa ufupi, kwa sababu jibu ni usisafishe. Usitumie ndimu, ukwaju, majivu, msasa, wala dawa ya kung'arishia sinia. Mimi nilipokuwa kijana karakana, nilipewa kitara kilichokuwa cheusi, nikakisugua kwa ndimu na chumvi kama tulivyokuwa tukisugua masinia nyumbani siku ya Arafa. Kiling'aa sana. Fundi mkuu alipokuja akauliza, "Maandishi yako wapi?" Palikuwa na mstari wa maandishi ya Kiarabu karibu na mpini, umeandikwa kwa kina kidogo tu. Sijausahau mpaka leo, ingawa sikuwahi hata kuusoma. Brashi laini ya kupangusa vumbi inakutosha. Ukiona kutu ya rangi ya machungwa inayotoka unga, au vijitone vya maji juu ya chuma, hiyo iko hai, mwite mhifadhi. Weusi uliotulia ni ngozi ya chuma, uache. Mhifadhi akishamaliza atapaka nta nyembamba. Vitako usivipake mafuta ya nazi. Yanachacha, yananata, na vumbi la mwaka mzima linalala hapo. Na ukishika chochote, vaa glavu, kwa sababu jasho la vidole ni chumvi na asidi, na alama ya kidole chako itaonekana kwenye chuma baada ya miezi.

Majambia yatoe alani, uyalaze kando kwa kando na ala zake, usiyarudishe ndani. Ngozi ya ala ina chumvi na asidi za kutengenezea ngozi, hula upanga polepole gizani. Fedha haitaki mpira wala sufu karibu yake, itapiga weusi. Mshipi uliofumwa kwa nyuzi usiupige taa kali. Lux 50 (lux ni kipimo cha mwanga) zinatosha, taa za LED zilizo nje ya kabati, na jua lisifike kabisa. Bunduki zilale, zishikwe pawili, chini ya kasiba na chini ya kitako, isiwe kutundikwa kwa kamba ya mtambo kama mbuzi wa Idi.

Kabla sijaondoka kwenye majambia: mpini tazama ni wa nini. Kama ni wa kipusa au wa pembe ya ndovu, jua kwamba biashara ya kimataifa ya vitu hivyo imezuiwa chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa kulinda viumbe walio hatarini, kipusa tangu miaka ya 1970 na pembe za ndovu kwa uamuzi wa 1989 ambao Tanzania yenyewe ilikuwa miongoni mwa walioupendekeza. Urithi ukae nyumbani. Mgeni atakayekushawishi umpe aingize begini anakutafutia kesi ya uwanja wa ndege.

Nimebakisha kile ambacho hukuniuliza, na naona ndicho kitakachokifanya chumba kiwe chumba: utaandika nini pembeni ya kila kitu?

Nina hakika mtu atakwambia gobori hili lilipiga katika vita vya Seyyid Khalid na Waingereza. Kila nyumba ya mji yenye gobori ina hadithi hiyo. Vita vyenyewe vilianza baada ya saa 3 asubuhi, tarehe 27 Agosti 1896, na havikufika saa moja. Kazi kubwa ilifanywa na mizinga ya manowari za Waingereza. Hadithi iandike kama hadithi ya babu, kwa jina lake, kwani nayo ni mali ya ukoo. Kisha pembeni andika kile chuma chenyewe kinachosema. Tafuta alama kwenye mtambo na juu ya kasiba. Taji na neno TOWER maana yake Uingereza, au mtu anayetaka udhani ni Uingereza, kwani mafundi wa Liège, Ubelgiji, walizigonga alama hizo kwa bunduki za biashara. Herufi ELG ndani ya duara la yai ni za ukaguzi wa Liège. Jiwe la gumegume nalo lisikufanye useme "hili ni la miaka 200". Bunduki za gumegume ziliendelea kutengenezwa kwa ajili ya Afrika muda mrefu baada ya majeshi ya Ulaya kuhamia kwenye fataki na kisha viasi. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia bunduki za kisasa zisiuzwe huru barani, ukaliachia mlango gobori la gumegume na baruti yake ya kawaida.

Na andika lilikwenda wapi. Mkataba wa Sultani Seyyid Said na nchi ya Marekani wa 1833 una sharti moja ninalolipenda kwa ukweli wake: bunduki, baruti na risasi katika kisiwa cha Unguja ziuzwe kwa serikali peke yake, lakini katika bandari nyingine za Sultani ziuzwe kwa yeyote atakayetoa bei ya juu. Hapa kisiwani bwana mkubwa hakutaka kila mtu awe nayo. Ng'ambo, haya, uzeni. Na ng'ambo ndiko gobori lilikofuatana na misafara ya pembe na ya watu. Soko la watumwa hapa mjini lilifungwa mwaka 1873. Ni mwendo wa miguu kutoka mlangoni kwako mpaka pale. Mtoto wa skuli aliyekuja matembezi kutoka Tabora, akisimama mbele ya kabati lako, huenda gobori lile linamhusu kuliko linavyokuhusu wewe. Chumba kinachosema "tizameni ushujaa wa wazee wetu" kitamfunga mdomo. Chumba kinachosema lilitoka wapi, likaenda wapi, na likafanya nini, kitamwachia nafasi aulize. Kwa ukumbi huo mimi ningetoa hata magobori mawili nikayaweka stoo, nikabakisha moja lenye maelezo.

Ulinzi hauhitaji maneno mengi: mlango mmoja, komeo la ndani na kufuli, madirisha yenye nondo, na picha za chumba usizirushe mitandaoni pamoja na jina la mtaa. Wageni waje kwa miadi, nawe ukiwepo.

Kama Polisi watamaliza kazi yao mapema, ukuta uufanye kaskazi hii, Januari na Februari, ili chokaa ipate kukauka kabla ya masika kuingia. Bandua saruji yote iliyopigwa, piga chokaa na mchanga, paka chokaa nyeupe juu, usiruhusu rangi ya plastiki. Fundi atalalamika kwamba chokaa inachukua muda. Mwache alalamike.

Mahameli uliyokwisha kununua ni rangi nzuri. Shona mito ya sebuleni.